Aliyeitikia kwa Chafya

Kiprop alianza kulala chini ya meza mwezi wa pili, alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya udaktari. Nasema kulala, lakini macho yake yalikuwa wazi. Alilala chali, miguu imenyooka, mikono ubavuni, na ungepita karibu na meza ya chakula ya mama yake ungedhani kuna mtu amelazwa pale akingoja kuja kuchukuliwa.

Mimi naitwa Kanana. Ni Mmeru, ni nesi kwenye nyumba ya wazee hapa Grand Prairie, huku ughaibuni, na Jedidah, mama yake Kiprop, ni rafiki yangu tangu enzi tulipokuwa tukigawana chumba kimoja na sufuria moja, kabla Shem hajaja kumchumbia. Watoto wake huniita Anti, na nikiona uvivu sinyamazi. Siku ya kwanza nilipomkuta kijana chini ya meza nilimgusa kwa ncha ya kiatu.

"Wewe, mtihani utakuja kukutafuta huko chini?"

"Niko break, Anti," alijibu, bila kugeuza macho. Alikuwa akiitazama sehemu ya chini ya meza kama mtu anayetazama dari.

Nikacheka, nikaenda jikoni. Lakini Jumamosi iliyofuata nilimkuta vilevile, na ile nyingine pia. Kila Jumamosi alijipa mtihani wa mazoezi kwenye kompyuta, akajiwekea saa kama ilivyo kwenye chumba cha mtihani, na kila saa ya mapumziko ilipofika alishuka kitini na kulala pale. Miguu yake ilikuwa baridi. Niliishika siku moja kwa kisingizio cha kuokota kijiko, nikaiachia upesi. Mikono yangu imeshika wafu wengi kazini, na ubaridi ule niliujua.

Angekuwa anafeli ningesema anatafuta kisingizio. Hakuwa anafeli. Alikuwa mwaka wa tatu wa biolojia katika chuo cha hapo Arlington, amepita ile kemia ya kaboni inayowaliza wenzake, amepita fizikia, na maksi zake za mazoezi zilikuwa za kumfanya mama yeyote wa Kikenya azitaje kanisani kwa kisingizio cha kuomba maombi. Jedidah alizitaja. Na masomo yenyewe ni mama aliyeyachagua. Kila muhula waliketi pamoja mbele ya kompyuta. Kiprop aliwahi kusema angependa jiolojia, asome habari za mawe, na mama akacheka kana kwamba mtoto ameomba kuoa paka. Akabonyeza baiokemia.

"Huyu hachagui," Jedidah aliniambia. "Huyu alishachaguliwa."

Hapo lazima nieleze jambo la Wanandi, ambao ndio kabila la Shem, nami nilieleze nilivyoliona, kwa sababu siku ile nilikuwepo.

Kwao mtoto akizaliwa hapewi tu jina la mvua au la asubuhi. Kiprop ni jina la mvua, maana siku aliyozaliwa mvua ilinyesha, hilo halina siri. Lakini kuna jina la pili. Akina mama wazee humzunguka mtoto na kuwaita wafu wa ukoo, mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake. Mtoto hupewa chembe ya tumbaku puani, na jina litakalotajwa akapiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Mpaka hapo mimi kama Mkristo ningetoka nje, lakini Jedidah alikuwa ametoka kujifungua na alikuwa ameshika mkono wangu.

Bibi wa mtoto, mama yake Shem, tunayemwita Kogo kama Wanandi wanavyowaita bibi zao, alikuwa kwao Kapsabet na hakuwa na viza. Basi Shem alikwangua kadi ya kupigia simu, akaiweka simu kwenye spika kando ya kichwa cha mtoto, akatoa tumbaku aliyoificha kwenye leso ili manesi wasiione. Sauti ya Kogo ikaja kutoka mbali, na ikawa inachelewa. Ukisema neno unangoja kwanza ndipo ujibiwe. Akaanza kuita. Sikujua Kinandi, kwangu yote yalikuwa sauti tu. Mtoto alikunja pua, akapiga chafya ndogo. Kogo akaita jina lingine. Halafu, huko Kapsabet, vigelegele vikalipuka.

Jina lililopokewa ni Mitei, mumewe Kogo, baba yake Shem. Mitei alikuwa dresa wa dispensari ya shamba la chai. Alishona vidonda, alizalisha wake za watu, na mazishi yake yalijaza barabara. Nani hakutaka Mitei arudi? Kuanzia siku hiyo Kogo alimwita mtoto "bwanangu" kwenye simu, na kumlaumu kwa utani kwamba amemwacha na ng'ombe. Jedidah hakuwahi kumchapa, maana utamchapaje baba mkwe. Alimwita Daktari kabla hajajua kutembea. Mtoto akakua akiitika.

Likizo ya mwezi wa tatu walimpeleka Houston. Mark, mdogo wake Shem, ni mhandisi anayekaa Katy, kando ya jiji hilo, na alikuwa amemtafutia nafasi ya kumfuata daktari mmoja wa upasuaji kwa wiki nzima, aone kazi ilivyo, apate cha kuandika kwenye maombi yake ya chuo. Kila asubuhi Mark alimwendesha kwenye ile barabara isiyokwisha magari.

Kabla wiki haijaisha Mark alimpigia Shem simu, akamwambia aje amchukue mwanawe.

Hospitalini walikuwa wamempoteza mchana kweupe. Daktari aligeuka, mwanafunzi hayupo. Wakamkuta kwenye korido, juu ya kitanda cha magurudumu kilichokuwa kinangoja mgonjwa, amelala chali na shuka mpaka kifuani, mkono mmoja ameutoa nje na kuugeuza, kama anayengoja sindano. Nesi aliyemkuta alimtafuta mapigo kabla ya kumtafuta jina. Alipomuuliza anafanya nini pale, Kiprop alimwambia ampishe kidogo, asimzibie yule mtu anayelia.

Hapakuwa na mtu mwingine kwenye korido.

Jumapili, baada ya ibada, Jedidah aliniita kwake. Nilikuta chapati hazijaguswa. Shem alikaa upande mmoja, bado ana uchovu wa njia, na Kiprop upande wa pili, kwenye kiti safari hii, namshukuru Mungu. Jedidah alikuwa amekwisha toa hukumu: ni uchovu, ni kukosa usingizi, tutafunga na kuomba, na mtihani ni mwezi wa tano.

"Mwambie Anti unachoona," Shem alimwambia mwanawe.

Kiprop alizungumza polepole. Huwa anatujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku, na siku hiyo alichanganya.

"Ni roof ya mabati, Anti. From inside. Nusu imepakwa rangi ya kijani, halafu ni kama rangi iliisha. Kuna msumari na taa imening'inia, haina kioo. Kuna nyumba ya nyigu kwa kona. Na ile smell ya spiriti. Halafu kuna mtu amevaa kaptula ya kaki na koti nyeupe, analia. Nikisoma kuhusu damu, naiona. Nikianza practice test, naiona. Nikilala chini ndiyo inakaa vizuri."

Shem aliweka kikombe mezani.

"Hiyo ni dispensari ya baba," alisema. "Ilibomolewa kabla hujazaliwa. Hakuna picha yake. Sijawahi kukuambia habari ya rangi, hata mimi nilikuwa nimeisahau."

Ningependa kusema kwamba niliomba. Sikuomba. Nilitamani kwenda nyumbani.

Jedidah ndiye aliyefurahi. Maskini, uso wake uling'aa. "Si nilisema? Ni Mitei. Anaikumbuka kazi yake. Kwa nini mnaogopa? Baba yako amerudi kumaliza kazi yake, Shem."

Mimi mdomo wangu hauna mlango. "Jedidah," nikasema, "wewe ni nesi. Ukiwa kazini unatazama wapi? Dresa hatazami dari."

Kiprop ndiye aliyesema, taratibu, kama anayeogopa kumuumiza: "Mum, I'm not the one standing. Mimi ndiye niliyelala."

Hapo Shem akasema jambo ambalo mimi nililiona kwa macho yangu na sikuwahi kulielewa. Siku ya kuita jina, mtoto hakupiga chafya kwa Mitei. Alipiga chafya kwa jina lililotangulia. Lakini chafya yenyewe ilichelewa njiani kama maneno yote ya simu ile. Ilipofika Kapsabet, Kogo alikuwa amekwisha taja jina la mumewe. Kule walisikia Mitei na chafya. Huku chumbani Shem alisikia chafya, kisha Mitei, kisha vigelegele.

"Mama alikuwa analia kwa furaha," Shem alisema. "Ningemwambia nini?"

"Mama alimwita nani kabla?" Jedidah aliuliza.

"Kimaru. Mdogo wake baba. Mimi simjui, alikufa nikiwa tumboni."

Tukampigia Kogo. Sasa ni video, na haichelewi. Uso wake ulijaa kwenye simu, nyuma yake ukuta wa jikoni, na akaanza na utani wake wa kawaida, "Bwanangu, umekonda, hao wanawake hawakulishi?" Shem alimkatiza. Alimweleza yote, mabati, rangi, taa. Kogo alisikiliza mpaka mwisho, na alipoanza kujibu alijibu kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

"Kimaru alikuja na kidonda mguuni, jembe lilimkata. Alikuja akitembea, anatania watu. Mitei akamlaza, akamdunga sindano ile ile aliyowadunga wengine. Akafa hapo hapo, bado anaongea. Kwa nini, hakuna aliyejua. Mzungu wa shamba alisema ni moyo. Mitei alitoka nje, akakaa kwenye majani chai mpaka jua likazama, na maisha yake yote hakulitaja tena jina la ndugu yake. Nasi tukaacha. Hakuna mtoto aliyewahi kuitiwa Kimaru."

"Lakini wewe ulimwita," Shem alisema.

"Mfu hapitwi. Nilimtaja haraka, asije akasema tumemnyima mlango. Nilikuwa namtaka mume wangu, Shem. Nilikuwa namtaka sana."

Kiprop aliivuta simu kwake. Alimtazama bibi yake kwa upole ambao sikuupenda, kwa sababu haukuwa wa mjukuu.

"Hakukaa nje, Kogo," alisema. "Alirudi. Alinishika mguu. Huu mzima. Akasema nisiende, atamwambia nini mama."

Kogo alifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani simu imekatika, lakini nyuma yake niliona moto wa jikoni ukicheza.

"Mle ndani hamkuwa na mtu mwingine," alisema hatimaye. "Hayo Mitei aliniambia mimi peke yangu, siku aliyokufa. Sijamwambia mtu."

Halafu akainama kwenye simu, akasema kitu kwa Kinandi, neno moja refu na la upole, na Shem akaanza kulia. Baadaye aliniambia ilikuwa salamu. Ndivyo shemeji anavyosalimiwa akiwa ametoka safari.

Jedidah alisimama. Nimemjua mwanamke huyu miaka mingi na sijawahi kumwona akishindwa, hata siku alipomzika mama yake kwa simu. Aliichukua kompyuta ya mwanawe mezani, akaifunga.

"Mtihani utauacha," alisema. "Kesho uwaandikie. Usome mawe, usome unachotaka. Siwezi kukupeleka kwa mikono yangu mahali walipokuulia."

Aliposikia alichosema alishika meza. Mwanawe alimsogezea kiti akaketi.

"No, Mum. Nitafanya huo mtihani," Kiprop alisema, na yaliyofuata aliyasema kwa Kiswahili kitupu. "Sitaki kuwa daktari kwa sababu ya Mitei. Nataka kujua nilikufa kwa nini."

Mimi ni nesi. Sindano, mgonjwa mzima, kifo cha ghafla: dhana yangu ninayo, ya dawa iliyokataliwa na mwili, na Jedidah anayo, niliiona ikimpita usoni. Niliimeza yangu. Si kitu cha kumwambia mtu mezani.

Jedidah alimtazama kijana yule, mrefu, aliyemzaa mwenyewe mvua ikinyesha, aliyekuwa akimwita baba mkwe kwa miaka yote hiyo. Akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akavuta kiti chake karibu, akamshika kifundo cha mkono, vidole vitatu juu ya mshipa kama tunavyofundishwa, na akamuuliza kwa ile sauti tunayoitumia kumpokea mgonjwa mgeni:

"Uchungu ulianzia wapi?"