Grafu ya Mabaka ya Mke Wangu

Siku midomo ya mke wangu ilipovimba hata akashindwa kunywa chai, ndipo nilipoacha kuyaita mabaka yale ugonjwa wa ngozi. Yalikuwa yamemwandama tangu masika: yanatokea mgongoni, yanavimba, yanawasha, yanapotea, kesho yanaibuka pengine. Daktari alisema chanzo hakijulikani na huenda yakadumu miaka. Akatuonya kwamba uvimbe ukishuka kooni, pumzi inaweza kuziba. Tangu hapo kila alipokohoa nilishtuka.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Dawa ambazo zamani tulizisikia tu sasa zilijaa madukani, nyingine zimepitia mpakani Kasumulu katikati ya marobota ya nguo. Mwenye duka la dawa pale Bondeni, mzee mwenye asili ya pwani, alituuzia vidonge vya aleji, vile vinavyoleta usingizi, na kunisomea karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Ilieleza baada ya saa ngapi nusu ya dawa huwa imetoka mwilini. Mwalimu wa hesabu kama mimi ukimpa maneno hayo, umemmaliza.

Nilichora grafu. Kila kidonge, saa mbili asubuhi, saa nane mchana na usiku, kilipandisha mstari, kisha ukateremka taratibu hadi kidonge kingine. Ukitazama wote ulikuwa kama meno ya msumeno. Kila alasiri nikitoka shule nilihesabu mabaka mgongoni mwake na kuweka vidoti kwenye karatasi hiyohiyo. Nilitaka kujua dawa ikipungua kiasi gani ndipo mabaka yanapotoka, ili isipungue kamwe kufikia hapo. Vidonge vilikaa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la sebuleni, na watoto niliwakataza hata kulisogelea. Nilihesabu vilivyobaki pia. Havikupishana na grafu hata siku moja.

Mwanzoni vidoti vilifuata mstari. Kisha zikaja siku ambazo kopo linaonyesha dawa zote zimemezwa, mstari uko juu kabisa, na mgongo umejaa mabaka. Nilijiambia mwili wake umeizoea dawa, nikapiga hesabu upya, kidonge kimoja kikawa viwili, baadaye vitatu.

"Mwalimu, umemuuliza daktari?" akasema mwenye duka.

Nikamwonyesha grafu. Nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye rula.

Wiki hiyohiyo, nikirudi saa tisa alasiri, nilikutana na baba yangu stendi, akingoja gari; kwangu alikuwa ametoka tangu saa nane. Alikuwa ameleta kakao mjini alfajiri na kupumzika sebuleni hadi mchana, kama alivyofanya kila alipopata gari. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru, tukaagana. Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu amelala sakafuni kando ya kabati, kopo mkononi. Nilimwita, nikamtikisa, kichwa kikayumba tu. Niliweka kiganja mbele ya pua yake na sikuhisi kitu. Nakiri kwamba nilianza kulia kabla sijajaribu mara ya pili.

Alikuwa anapumua. Hospitali walimwangalia mpaka kesho yake, na alipofumbua macho nilimuuliza amemeza vingapi.

"Sita. Vya asubuhi na vya mchana."

"Kwa pamoja? Kwa nini?"

"Baba alikuwa sebuleni."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Kwetu Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Mzee akiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma na kukaa jikoni, nje uani, hadi aondoke. Mama yangu aliishi hivyo maisha yake yote. Nimekulia ndani ya desturi hiyo, na bado niliiweka dawa ya mke wangu katika chumba ambacho siku nyingine hakuweza kukikanyaga. Mzee akishaondoka, alikimbilia kopo na kumeza alivyovikosa, maana alijua nakuja kuhesabu. Siku zile mstari wangu ulipokuwa juu kabisa, mwilini mwake hamkuwa na dawa tangu usiku uliopita hadi muda mfupi kabla sijafika. Na mimi nilizidi kuongeza.

"Ungeniambia," nilisema.

"Baba ni wako. Na wewe ulikuwa unafurahi kopo likiwa sawa."

Kopo nililihamishia jikoni, tukarudi kwenye kidonge kimoja kama alivyoagiza daktari, na vidoti vikafuata mstari kama nilivyouchora mwanzo. Sikuweza kufurahi. Mabaka yalimwacha baada ya miaka miwili, lakini hadi leo akilala mchana mimi huenda taratibu na kuweka kiganja mbele ya pua yake.

"Nipo," husema, macho kayafumba. "Nenda kahesabu kitu kingine."