Siku Kidato cha Kwanza Walipoacha Ndoo Bombani

Shuleni kwetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, dada mkuu hakuchaguliwa kwa karatasi. Wagombea walisimama paredi, na kila msichana akajipanga nyuma ya anayemtaka, mbele ya macho ya wote. Mimi, ambaye hata leo, baada ya kuhitimu chuo, bado natumia nusu saa kuandika ujumbe wa mistari miwili, utaratibu huo ulininyima raha wiki nzima. Rafiki yangu, binti wa wafugaji wa Mwandoya, aligombea kwa ahadi moja tu: kidato cha kwanza wasiwachotee tena maji wakubwa.

Wakubwa tulikuwa sisi, kidato cha tatu na cha nne. Hata mimi nilikuwa na mtoto wa kunichotea, mpaka rafiki yangu aliponiuliza, "Mikono yako ina nini?" Nikaacha kumtuma.

"Wewe mchunga ng'ombe," dada mmoja wa kidato cha nne alimwambia bwaloni, "ukishinda utatuswaga na fimbo?"

"Nitawaswaga, dada. Mpaka bombani."

Bwalo zima likacheka. Mimi nikaanza kupiga hesabu. Kidato cha kwanza wakija kwetu, tunashinda. Wakiogopa, je? Nisimame karibu naye, au niache nafasi ili mstari uonekane mrefu? Nililifikiria hilo kwa dhati kabisa.

Asubuhi ya uchaguzi, wakubwa waliwapa kidato cha kwanza ndoo na kuwatuma wote bombani. Maji yalikuwa yanatoka kwa kudondoka. Foleni ile ingewaweka huko mpaka mchana. Mwalimu wa zamu alipopuliza filimbi, nyuma ya rafiki yangu tulikuwa tisa. Upande wa mpinzani wake sikuthubutu kuhesabu.

"Usigeuke," nilimnong'oneza.

"Sigeuki. Anayetetemeka ni wewe, mayu," alinijibu, akiniita mama kwa Kisukuma.

Mara tukasikia vishindo. Kidato cha kwanza walikuwa wanatokea nyuma ya jiko, wanakimbia, mikono mitupu.

"Ndoo zetu ziko wapi?" yule dada wa kidato cha nne akafoka.

"Ziko kwenye foleni, dada," mmoja alijibu huku akihema. "Zinatushikia nafasi."

Kila anayechota maji kwetu anajua kwamba ukishapanga ndoo, miguu yako iko huru. Wakubwa walikuwa wamesahau. Walikuwa hawajasimama kwenye foleni ile kwa miaka.

Mstari wetu ulirefuka ukazunguka mlingoti wa bendera. Mwalimu alihesabu mara mbili. Mimi nilihesabu mara tatu, na mara zote tatu tulikuwa tumeshinda. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Dada mkuu mpya alingoja tunyamaze. "Wenye ndoo," alisema, "foleni inasogea."

Wakubwa wakatazamana. Kisha yule dada wa kidato cha nne akavua sweta lake, akalifunga kiunoni, akaelekea bombani. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na kidato cha kwanza wakabaki paredi wakiwapigia makofi.