Virginie Vagheni, Aliyekubali Kunuswa

Alizaliwa Musienene mwezi wa saba mwaka 1979, siku ya soko, mama yake akiwa bado na magunia ya viazi ambayo hayajapata mnunuzi. Wazazi walimwita Vagheni, padri akambatiza Virginie. Tangu ujana alisifiwa kwa sauti yake kanisani na kwa mkono wake wa kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi. Hakuna aliyeona kosa, kwa maana kwetu hapafanyiki mahari wala matanga bila kasiksi. Aliolewa Beni na Jacob, mwalimu wa shule ya msingi, nao wakajaliwa mtoto mmoja tu, Sagesse.

Mwaka 2014 Jacob aliuawa na waasi shambani pamoja na wengine. Virginie mwenyewe alitengeneza pombe ya matanga, na baada ya maziko akanywa kikombe kimoja ili apate usingizi. Matanga yalikwisha, kikombe hakikwisha. Wapo waamini wanaopenda watakatifu waliozaliwa wameshachanwa nywele. Huyu hakuwa hivyo, wala sitamchana mimi. Alikunywa miaka mitano, na mwishowe akawa anakunywa pombe kali asubuhi kabla ya chai. Sagesse alijizoeza jambo moja: kila akitoka shuleni alimkaribia mama yake na kumnusa mdomo. Akisikia harufu, alikwenda kulala kwa jirani. Mwaka 2019 shangazi yake Antoinette alikuja kumchukua, akampeleka Kayna. Mtoto hakulia, na hilo lilimchoma mama kuliko kilio.

Wiki ileile Virginie alipanda gari kwenda Butembo, kwenye nyumba ndogo ya matibabu iliyotunzwa na Masera Josée, mtawa muuguzi. Dawa zilituliza kutetemeka kwa siku za kwanza. Kisha likaja lililo gumu zaidi: dunia ilipoteza ladha. Maharage, nyimbo, hata Komunyo, vyote alivipokea kama mtu mwenye mafua.

“Masera, furaha itarudia wakati gani?” aliuliza.

“Siku siijui,” Josée alimjibu. “Pombe ilizoesha ubongo yako ingojee furaha kwake tu. Sasa tumeiondoa, ubongo inabakia na njaa. Itajifunza tena, lakini polepole, miezi na miezi.”

“Na mutoto wangu?”

“Mutoto naye, ubongo yake ilijifunza kukuogopa. Umupatie wakati, sawa vile sisi tunakupatia.”

Mwezi wa kumi tangu aache pombe, akichambua maharage uani, mvua ilianza kupiga mabati naye akajikuta anaimba. Josée alitoka jikoni, akasimama akisikiliza, akarudi ndani.

Mwaka ulipotimia, shirika lake, yaani waamini jirani wanaosali pamoja, lilitaka kumshukuru Mungu pamoja naye palepale kwa Masera, na Antoinette akakubali kumleta Sagesse. Hapo Lusenge, kiongozi wa shirika, mtu mwema asiye na hila, akafanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya: alileta kidumu cha kasiksi ili kusherehekea kuachwa kwa pombe. Katika kumimina, kikombe kilimwagikia kitenge cha Virginie. Mtoto aliingia, akamkaribia mama yake, akanusa. Akageuka, akamshika shangazi yake mkono, wakaondoka. Virginie hakuwa ameonja hata tone.

Saa ileile hamu ya kunywa ilimkamata, na kidumu kilikuwa mezani. “Papa Lusenge,” alisema, “ondosha ile kidumu. Kiisha urudie, ukae na mimi mpaka hii hamu ipite.” Lusenge alirudi kwa aibu, wakakaa kwenye benchi la uani mpaka ikapita. Tangu siku hiyo kila aliyeshikwa na hamu katika nyumba ile alipata mtu wa kukaa naye hivyo, na mara nyingi alikuwa Virginie, aliyebaki kuhudumu humo. Lakini moyo wake ulikuwa Kayna. Alikuwa na hamu ya mwanawe akilala na akiamka, na kila juma alimtumia maharage kwa madereva wa malori. Hakupata jibu.

Vita ilipofika Kanyabayonga na Kayna mwaka 2024, Sagesse alitokea Butembo na shangazi yake, godoro kichwani, msichana wa miaka kumi na sita. Virginie alikuwa kitandani, ini lake limeharibika kwa pombe ya zamani. Binti alisimama mlangoni, akiona haya kufanya alichotaka kufanya.

“Kuya, mutoto wangu,” mama alimwambia. “Unuse kwanza. Hapana ogopa, sitakasirika.”

Akafungua mdomo. Sagesse alinusa, akakaa. Kesho yake alinusa tena, na siku zilizofuata, na kila mara mama alifungua mdomo bila kunung'unika. Karibu na Noeli, Sagesse aliingia na uji, akaketi kitandani akaanza kusimulia habari za soko, asikumbuke kunusa. Virginie aligeukia ukuta, akalia kwa furaha.

Alifariki mwezi wa pili uliofuata. Watu husimulia kwamba anayeketi kwenye benchi lake hamu humpita upesi; hilo Kanisa litalipima. Mimi nasema tu kwamba kila anayetoka katika nyumba ile huambiwa asichukie atakaponuswa na watu wa kwake. Nasi tunaotubu leo tukidai kuaminiwa kesho, tumtazame mama huyu akifungua mdomo siku baada ya siku, tujifunze kungoja.