Mama Aliyekuja Kuomba Moto Kakuma

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya niliyaona kwa macho yangu, na sikusimulii ili uogope. Nasimulia kwa sababu bado nina hasira.

Niliacha shule mapema na tangu hapo sijatulia mahali. Safari hiyo nilitoka Lodwar na rafiki yangu Ekal juu ya lori la mbuzi, tukapanga chumba Kakuma. Mwenye plot, yaani hivyo vyumba vya kupanga, alikuwa ameziba matundu yote ya hewa kwa mabati, akajisifu kwamba vumbi haliingii humo. Kweli, halikuingia.

Jioni moja mvua ikashuka ghafla. Tulikuwa tumewasha jiko la makaa nje, tukangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo tukaliingiza ndani. Wengi wetu hufanya hivyo. Tunajua moshi ni mbaya, basi ukiisha tunadhani hatari imeisha. Nikateleka maharagwe, nikafunga komeo. Ekal akanitania kwamba nakoroga sufuria kama mtu anayeua nyoka, kisha akajilaza. Kichwa changu kikaanza kugonga. Nikasema ni njaa.

Mlango ukafunguka. Niamini, nilikuwa nimeufunga. Alisimama mwanamke mwenye shanga hadi kidevuni, na nguo zake zilikuwa kavu.

"Ejok," akanisalimu Kiturkana. "Naomba moto."

Jirani akiomba moto unampa kaa moja juu ya kigae. Nikamwambia achukue. Akasukuma sufuria chini, akainua jiko zima kwa mikono mitupu, akatoka nalo.

Wewe ungefanya nini? Chakula chetu kilikuwa sakafuni. Nikainuka nimshike, miguu ikanikataa, nikatambaa hadi nje nikimtukana. Alikuwa amesimama kwenye mvua. Maji yalianguka juu ya makaa, lakini hayakulia wala kutoa mvuke.

"Mwenzako bado yuko ndani," akasema.

Nikageuka kutazama mlango. Nilipogeuka tena, jiko lilikuwa peke yake kwenye tope, baridi kama jiwe. Nikatapika. Kisha nikabana pumzi, nikarudi, nikamvuta Ekal kwa miguu. Nilimpiga makofi, hakuamka. Jirani yetu, mama muuza samaki, ndiye aliyeita pikipiki ya kumpeleka hospitali.

Nilipomweleza huyo jirani kuhusu zile shanga, alikaa chini. Akaniambia ni mama mmoja aliyetoka kijiji cha Namoruputh, aliyelala chumba hicho na mtoto wake msimu wa mvua uliopita. Walikutwa asubuhi, jiko katikati yao. Mwenye plot alitangaza kila mahali kwamba wamerogwa.

Kulipokucha nikachukua panga, nikang'oa mabati yote yaliyoziba matundu. Mwenye plot akaja mbio.

"Kijana, unaharibu nyumba yangu."

"Ulijua, mzee."

"Yule mama alirogwa. Uliza mtu yeyote."

"Nimemwona jana. Alikuja kuchukua jiko. Hakutaja mchawi."

Akaniamuru nihame.

Mimi ndiye niliyemwona mfu, na bado nakwambia hakuna uchawi hapo. Ni makaa kwenye chumba kilichozibwa. Hewa yake mbaya haina harufu, haina rangi, na inakulegeza miguu kabla hujashtuka. Pika nje. Ikibidi upike ndani, acha mlango na dirisha wazi, na usilale na jiko hata kama moto unaonekana umekufa. Kichwa kikianza kugonga, toka kwanza, utafikiri baadaye.

Ekal aliamka hospitali, na sasa yuko Lodwar kwa dada yake. Zamani alimjua kila mbuzi wa baba yake kwa rangi na madoa. Siku hizi anasimama katikati ya zizi akiuliza hawa ni wa nani.

Juzi nilipita kwenye ile plot. Matundu yamezibwa tena, na nguo za mtoto zimeanikwa kwenye kamba. Nilibisha hodi, hakukuwa na mtu. Kama ni wewe unayekaa humo, toa jiko nje. Mvua itakulowesha tu.