Kiwanda Hakikai Matanga

Siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa mpaka leo sijaielewa yote. Kaka yangu Lameki tulikuwa tumemzika Itaka, na lori lake la pua ndefu lilisimama uani kwake Tunduma. Kwetu mali ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaondolewe, basi hata kuliwasha hatukuliwasha.

Matanga yalipoondolewa, ndugu wakaniachia mimi niamue: liuzwe, shemeji, mjane wake, achukue la kisasa la uso bapa kwa mkopo, au libaki? Chakula cha watoto wa kaka kilitegemea jibu langu. Nami nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, najua kuendesha tu.

Nikaenda kwa muuza vipuri pale mpakani.

"La pua? Kiwanda kimeshaliacha, dogo," akasema. "Kwao huko ng'ambo sheria inapima urefu wa gari zima. Kichwa kikiwa kifupi, nafasi ya mzigo inaongezeka."

Dereva mmoja Mzambia, aliyekuwa dukani akitafuta mkanda wa feni, akacheka. "Awe, hapana, boyi, anakudanganya. Kampuni hiyohiyo bado inatengeneza ya pua. Inayapeleka kwenye barabara mbovu, kwa mafundi wa nyundo kama wa kwenu."

"Hata huko watayaacha," muuza vipuri akajibu. "Kwa sababu ya moshi. Kwao wanaukataa."

Nikauliza, mbona moshi wanaoukataa kwao wanatuuzia sisi? Wote wawili wakanitazama kama nimeuliza habari za mbinguni.

Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza mpaka nikatoka mjinga zaidi. Nikamwendea baba mdogo, ambaye alizeekea kwenye usukani, nikamwambia lori libaki, kwa kuwa vya zamani ni imara.

"Hiyo ni sababu ya lori, au ya Lameki?"

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa ndani ya lori kwenye kiti cha Lameki, mlango nimeufunga.

"Kiwanda hakikai matanga," akasema. "Wanunuzi wakipungua au sheria ikibadilika, kinaacha. Pakiwa na wanaolihitaji na fundi anayelijua, kinaendelea. Hakilipendi wala hakilichukii. Na mwenye lori, umemuuliza?"

"Mwenye lori amekufa, baba."

"Mke wake amekufa?"

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukoo mzima tulikuwa tumekaa kikao, na hakuna aliyemuuliza shemeji.

Nilimkuta anapepeta maharage. Hakuinua kichwa. "Nataka kubeba mahindi ya Momba, shemeji. Kwenye njia ile mbovu, bapa la mkopo litanifia. Hili fundi wa hapa analijua. Likinishinda nitaliuza mwenyewe."

Likabaki, kwa sababu ambayo sikuwa nayo mimi. Likasomesha watoto. Vipuri vilipoadimika shemeji akaliuza, akapika ugali jioni ile kama siku zote. Aliyelia ni mimi, na sijui kama nililolilia ni lori.

Basi unapotaka kuacha cha zamani au kukishika, uliza nani atakitumia, kwenye njia gani, na kikiharibika nani atakitengeneza. Muulize mwenyewe, usimsemee. Na huzuni yako ilie kwa jina lake, usiivike nguo za hesabu.

Mungu akunyooshee njia, mwanangu, na asikukoseshe mtu wa kukuuliza swali usilolitaka.