Kibao Chenye Jina la Meli

Mtaani walimwita Mapafu, kwa kuwa enzi zake alizamia bila mtungi wa hewa na kukaa chini hadi waliobaki juu wakaanza kumwombea. Kwa miaka kumi na minane aling'oa shaba kwenye meli iliyozama nje ya bandari, yeye na kaka wa mkewe. Siku ngoma ya sikio lake ilipopasuka, shemeji huyo alimwambia, "Pumzika, mzee," na kesho yake akaweka mtu mwingine. Tangu hapo hawakupikika chungu kimoja.

Sasa shemeji alikuwa na baruti na kibali cha bandari, akataka kuipasua meli nzima auze chuma. Idara ya mambo ya kale ikamshtaki. Sheria ilikuwa wazi: meli iliyokaa chini ya maji miaka mia ni urithi, haiguswi. Lakini daftari za bandari zilitaja meli mbili zilizozama pale, moja miaka mia na saba iliyopita, nyingine sitini. Hii ni ipi?

Mapafu alijua. Kibao cha shaba chenye jina la meli hiyo kilikuwa jikoni kwake, kimekandamiza kifuniko cha pipa la maji.

"Kiache hapo," mkewe alisema alipomwona anakifuta. "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mahakamani utawaambia umekiokota sokoni?"

"Kaka yako anataka kulipua watu."

"Watu gani, baba watoto? Mifupa?"

"Mifupa imeshaliwa na chumvi, vimebaki viatu. Chumba cha tatu kulia, vimelala viwili viwili. Kimoja hakizidi kiganja changu."

Hakuwahi kumwambia mtu. Mkewe akacheka kwa uchungu. "Umewaibia miaka yote hiyo, leo ndiyo unawahurumia? Sema tu unamchukia kaka yangu."

"Namchukia. Na viatu vipo."

Mahakamani alikiweka kibao mezani, kikalia kama sufuria iliyoanguka.

"Umekipata wapi?" hakimu aliuliza.

"Nilikitoa mlangoni kwa nahodha."

"Kwa kibali cha nani?"

"Sikuwa na kibali."

"Mwizi huyo!" shemeji alipaza sauti kutoka benchi la nyuma.

"Mwizi ni mimi, shemeji. Na tochi uliishika wewe."

Watu wakaangua kicheko hadi hakimu akagonga meza.

Jina lililingana na lile la meli ya miaka mia na saba. Shemeji akanyang'anywa kibali, maboya manne yakaamriwa kuizunguka meli. Kisha ikaja zamu ya Mapafu: kifungo cha nje cha mwaka mmoja, na asiikaribie meli ile maisha yake yote. Mkewe alitoka na kaka yake bila kugeuka.

Kwenye korido ofisa wa mambo ya kale alimpa mkono wakili wake, akampita Mapafu kama anavyopita ndoo ya usafi.

"Bwana mkubwa, mtaenda kuviona vile viatu nilivyomwambia hakimu?"

"Bajeti ikiruhusu."

"Msivishike kwa mkono. Vinameguka kama mkate."

Ofisa alikuwa anatazama saa. Mapafu akamchomolea kalamu mfukoni, akageuza karatasi ya hukumu yake, akachora: ngazi, korido, mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Huo ni ushahidi mwingine dhidi yako," ofisa alisema, akiipokea kwa vidole viwili.

"Ikunje vizuri," Mapafu akamjibu. "Chumba cha tatu, upande wa kulia."