Shimo la Moyo, Kutoka Woodley Hadi Mjini

Niliondoka Woodley Jumanne asubuhi kwa sababu ya mdomo wangu. Mimi ni mpimaji wa ultrasaundi katika kliniki ndogo ya mtaani. Jumatano iliyotangulia nilimpima dadangu Nekesa, mwenye mimba ya miezi saba, nikaona shimo kwenye ukuta wa moyo wa mtoto. Nikalitangaza papo hapo, tena kwa sauti ya profesa. Jioni hiyo mama yetu kule Bungoma akapata habari, akaanza kufunga, uji wa jioni tu. Mashine yetu huonyesha kipande bapa tu cha mwili, basi nikaapa kutafuta zile za picha za pande tatu.

Saa tatu, Hurlingham, mimi na Nekesa. Kichwa cha mashine ya kwanza, kile kinachopitishwa tumboni, kilikuwa na mota ndani, inayopepea huku na huku ikikusanya vipande, kisha kompyuta inaviunganisha. Nilimweleza Nekesa yote hayo bila kuulizwa. Uso ulitokea vizuri, pua ya ukoo wetu ile ile. Moyo ndio uliovurugika, kwa kuwa ulidunda haraka kuliko mota. Nikamwambia Nekesa abane pumzi.

"Boss," mhudumu akasema, "yeye akibana pumzi, moyo wa mtoto utasimama?"

Nekesa alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. Mimi nikasoma bango la kunawa mikono.

Saa sita, katikati ya jiji, ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa imekufa, na kwenye ngazi mimi ndiye niliyehema zaidi. Huko tulimkuta Bi Zuhura, mpimaji mzee wa kutoka Lamu. Kichwa cha mashine yake hakina mota. Kina vijenzi vidogo tele vinavyorusha na kupokea mawimbi ya sauti kila upande kwa umeme, hivyo moyo wote unauona ukidunda hapo hapo. Nekesa alinishika mkono hadi vidole vikauma.

"Shimo li wapi, mwanangu?" Bi Zuhura aliniuliza.

Nilitafuta. Ukuta ulikuwa mzima.

"Wewe ulimpima kutoka wapi?"

"Kwenye ncha ya moyo."

"Ala! Mawimbi yakienda sambamba na ukuta mwembamba hayakurudii, nawe utaona pengo. Ungeingia ubavuni, hata mashine yenu ingekuonyesha."

Saa kumi, Woodley tena. Nilimlaza Nekesa kwenye kitanda kile kile, nikaingia ubavuni. Ukuta ulikuwepo, mweupe, kwenye mashine niliyoidharau siku nzima. Nilijifunza kugeuza mkono kabla ya kufungua mdomo, nikalia kidogo. Nilidhani Nekesa atanikumbatia. Alijifuta jeli tumboni, akanipa simu yake.

"Mwambie Mama mwenyewe. Siku sita, Wafula!"

Mama alipokea mara moja.

"Mama, kula. Mtoto ni mzima."

"Asante Yesu! Kwa hiyo Mungu ameliziba lile shimo?"

Nekesa alikuwa ananitazama.

"Halikuwepo, Mama. Nililitoboa mimi."